M-Pesa, M-Shwari na USDT: kampuni ikianguka, nitamdai nani?

karani_wa_duka
Wadau, salaam. Duka la vipuri, Nairobi, akiba laki nne. Nusu iko M-Pesa, nusu M-Shwari, na sasa mteja wa nje anataka kulipa kwa USDT (sarafu ya kidijitali inayolenga kuwa sawa na dola moja). Kwenye simu zote ni namba tu. Kisheria zinatofautianaje? Na hizi amana za tokeni zinazotajwa na mabenki (amana za benki zinazoandikwa kama tokeni kwenye daftari la kidijitali) zitabadilisha nini?

hesabu_mbili
M-Shwari ni akaunti ya NCBA. Unaidai benki, na KDIC (shirika la bima ya amana Kenya) inakulinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Ukiwa na akaunti nyingine NCBA zinajumlishwa, kwa hiyo kugawa pesa ndani ya benki ileile ni kazi bure.

M-Pesa si amana. Pesa za wateja hukaa benki kwenye akaunti za udhamini (trust), mbali na pesa za kampuni, na Safaricom hairuhusiwi kuzikopesha. Kampuni ikifilisika, wanaoidai hawapaswi kuzigusa.

USDT ni ahadi ya kampuni binafsi, Tether. Kurudisha tokeni kwao upewe dola kunaanzia dola 100,000, kwa hiyo wewe utauza sokoni kwa bei utakayoikuta. Bima ya amana hakuna, na wanaweza kuifungia anwani yako.

mtambo
Naongezea, maana "dola moja ni dola moja" huwaponza wengi. Machi 2023 Silicon Valley Bank ilipoanguka, dola bilioni 3.3 za akiba ya USDC, sarafu nyingine ya aina ya USDT, zilikuwa humo. Bei ikashuka chini ya senti 90, ikarudi Marekani ilipotangaza kuwalipa wenye amana wote.

Ukikubali USDT, elewaneni kwanza itatumwa kwa mtandao gani wa blockchain, maana iko kwenye kadhaa. Anwani ya Tron huanza na T. Ya Ethereum huanza na 0x, sawa kabisa na ya BNB Chain na Polygon. Hapo ndipo pesa hupotelea: mteja anatuma kwa BNB Chain, soko lako (jukwaa unakouzia sarafu) linapokea Ethereum pekee, salio halionekani. Aanze na dola 5, zikifika atume zilizobaki. Kwenye Tron weka TRX (sarafu ya kulipia ada za mtandao huo) kidogo kwenye pochi. Kupokea hakuihitaji, kutuma kunaihitaji. Na usinakili anwani kutoka kwenye historia ya miamala: matapeli hutengeneza zinazofanana mwanzo na mwisho.

karani_wa_duka
Nimekupata. Na tokeni za benki?

hesabu_mbili
Deni linabaki la benki, kinachobadilika ni daftari. Benki moja ikihamisha kati ya wateja wake, hata saa nane usiku Jumapili, ni rahisi. JPMorgan, benki ya Marekani, walitangaza tokeni yao ya JPM Coin tangu 2019. Ugumu uko kati ya benki mbili, kwa sababu kwa kawaida hulipana kupitia benki kuu. Bima nayo usiichukulie imo. Soma mkataba: ukikuta "amana" unaidai benki, ukikuta "hati" au "kitengo cha mfuko" hicho ni kitu kingine.