Wasukuma "walisukuma" nani? Tuongee asili ya jina hili

Wakuu heshima kwenu. Kuna maelezo yanazunguka kila siku kwamba Wasukuma wameitwa hivyo kwa sababu ya kusukuma, mmoja anasema walisukuma mikokoteni, mwingine anasema waliwasukuma maadui mpaka ziwani. Mimi nakataa kabisa.

Kwa Kisukuma chenyewe na Kinyamwezi, sukuma ni kaskazini. Na neno hilo lina ndugu zake: dakama ni kusini, kiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Ndo maana kule utasikia Basukuma, utasikia Badakama, utasikia Bakiya, watu wanaitana kwa upande wanaokaa. Sasa anayeshikilia ya kusukuma atueleze na hao Badakama jina lao limetoka kwenye kitendo gani, maana huwezi kuchomoa jina moja kati ya manne ukalipa hadithi ya peke yake.

Halafu jina la upande linategemea umesimama wapi. Aliyeko Tabora ndo anamwona wa Shinyanga na Mwanza yuko kaskazini, kwa hiyo mimi naona jina lilitoka kwa majirani wa kusini, wenyewe zamani walijitaja zaidi kwa utemi, yaani eneo la mtemi wao, huyu wa Nera, huyu wa Busiya, mpaka baadaye serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaweka wote kwenye kapu moja la kabila.

Wanyamwezi nao hivyo hivyo, jina lao ni la upande. Wanaosema "watu wa mwezi" wako sahihi nusu, watu wa pwani waliona misafara ya pembe za ndovu inashuka Bagamoyo ikitokea magharibi, na magharibi ndiko mwezi unakoandama jioni. Ila wale wapelelezi wa Kizungu wa karne ya 19 waliounganisha jina hilo na Milima ya Mwezi ya Ptolemy, yule mwanajiografia wa kale aliyeandika kuwa Nile inaanzia kwenye milima hiyo, walikuwa na yao, walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile wakaona kila penye mwezi ndo penyewe, na inaniuma kuona hadi leo watu wetu wananukuu hiyo kuliko kuuliza wazee.

Ninapotaka tubishane ni hapa: jina Wanyamwezi lilianzia pwani kweli, au lilikuwepo bara tayari kwa majirani wa mashariki yao na pwani wakalichukua tu? Mimi naegemea hilo la pili. Watu wa Nzega na Kahama njooni, nyie mko katikati, wa kaskazini yenu wanawaita nani?