Jeep ya 1943: naomba ushauri wa stensili za boneti na bampa

Mjukuu_wa_Askari
Wakuu, habari za leo. Nipo Ohio, mwendo wa saa moja kutoka Toledo, mji ambako jeep za Willys ziliundwa wakati wa Vita vya Pili. Yangu ni MB, aina ya jeep ya Willys, ya 1943. Nimeihangaikia miaka mitatu: fremu, injini, breki. Yamebaki maandishi, na hapo ndipo nimekwama.

Juzi niliandika USA na namba ubavuni mwa boneti. Nilikata stensili (kiolezo chenye herufi zilizotobolewa) kwa karatasi ya manila, nikapuliza rangi ya kopo. Nilipobandua, rangi ilikuwa imepenya chini ya karatasi, herufi zimeota ndevu pande zote. Nikafuta kwa thina, na sasa pale pameng'aa wakati kijani chote kingine kimefifia kama inavyotakiwa.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Babu mzaa mama alikuwa dereva wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza lenye askari wa Afrika Mashariki), Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kule Burma. Alivuka mto Chindwin pale Kalewa, Desemba 1944. Hatuna hata picha yake moja ya jeshini. Nataka kuchora kichwa cha kifaru, yule mnyama mwenye pembe, alama ya divisheni yao, kwenye bampa ya mbele. Lakini nilipopiga msasa boneti, chini ya matabaka ya rangi kilitokea kivuli cha namba ya zamani. Inaanza na 20, inaishia na S. Nifuate kivuli au nimfuate babu?

Fundi_Maandishi_Msa
Pole kaka. Mimi naandika malori huku Mombasa, TARE (uzito wa gari tupu) na maandishi ya milangoni, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kopo limekuponza. Lina upepo, upepo wainua ukingo wa karatasi, na rangi yake ni nyepesi, yatambaa.

Tafuta brashi fupi ya duara, nywele ngumu. Chovya ncha tu, kisha igongegonge kwenye kadibodi mpaka ikaribie kukauka. Kwenye boneti gonga wima kama mtu anayetwanga, usiburute hata kidogo. Pitia mara mbili, nyepesi zote mbili. Ukiona rangi imejaa vizuri mara ya kwanza, ujue umeshazidisha.

Manila iache, inalowa. Sisi twatumia filamu za eksirei zilizotupwa. Hazinyonyi rangi, zafuata mkunjo wa bati, na wembe mpya wazikata safi. Bandua rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukivuta kwenda juu.

Pale panapong'aa usitie kiraka, kitaonekana daima. Pulizia boneti nzima upya.

Mama_Gereji
Nimefanya kazi na magari ya aina hii, kwa hiyo niseme kuhusu kivuli. Hiyo 20 ndiyo iliyotangulia namba za jeep katika jeshi la Marekani. S maana yake umeme wa gari umedhibitiwa usiingilie redio. Umebahatika mno. Wengi hubuni namba kwa sababu yao ilishapotea.

Namba za mwanzo zilikuwa za buluu iliyofifia, nyeupe ilikuja baadaye. Lowesha kivuli kwa maji ukitazame juani kabla hujanunua rangi. Na ile mianya inayoachwa na stensili katikati ya herufi usiizibe. Picha za wakati ule zinaionyesha wazi, hata kwenye duara linalozunguka nyota ya jeshi la Marekani.

Kifaru sikuungi mkono. Jeep walizopewa Waingereza zilipata namba zao wenyewe, zenye M mbele. Namba ya USA na kifaru pamoja ni kuchanganya majeshi mawili kwenye bati moja.

Kibuyu_79
Mama Gereji, shikamoo, lakini hapo nakataa. Huko Ohio nani atamtaja askari wa KAR kama si huyu mjukuu? Watu watasimama kuuliza kifaru ni cha nini, naye atawaeleza.

Mama_Gereji
Marahaba mwanangu. Umenigusa. Basi kifaru kichorwe kwenye bati la pembeni, litoboliwe matundu mawili, lifungwe kwa waya kwenye bampa siku za maonyesho. Gari libaki na namba yake, babu naye apate nafasi yake.

Mjukuu_wa_Askari
Asanteni sana, bati nimelipenda. Daktari wa mifugo jirani kanipa filamu nne za zamani, moja ina mguu wa farasi. Nimekata 2 na 0, nikajaribu kwenye debe kama fundi alivyosema. Kingo zimetoka kali, sikuamini ni mkono wangu. Kivuli nimekilowesha: ni buluu. Fundi, naipataje buluu iliyokufa namna ile?

Fundi_Maandishi_Msa
Buluu isiyong'aa, nyeupe kidogo, kisha matone machache ya kijani cha gari lenyewe ili ikubaliane nacho. Paka kwenye kipande cha bati, kikauke kabisa, kiweke kando ya kivuli mchana. Usilinganishe mbichi, itakudanganya. Kisha tutumie picha.

Na mchoro wa kifaru utume kabla hujakata. Mwanya uweke shingoni. Ukiuweka kwenye pembe, itakatika mara ya pili tu ukisafisha stensili.