Nataka kwenda Berlin kumwona mjusi wa Tendaguru, ila kila safari yangu huku inaharibika

KijanaWaMtama

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za masomo na kazi. Niko Bayreuth, kusini mwa Ujerumani, mwaka wa kwanza wa uzamili, masomo ya mazingira. Nilifika mwezi wa kumi nikitokea Dar, ila kwetu hasa ni Mtama, Lindi. Naomba ushauri wa safari ya Berlin, kumwona yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kwetu Lindi. Nitaeleza kwa urefu kidogo ili mjue kwa nini nauliza mambo ambayo kwenu pengine ni ya kawaida.

Tangu nifike nimejaribu kutembea mara tatu, na zote tatu nimekwama.

Ya kwanza ilikuwa Prague. Wanafunzi wa jengo letu walikodi basi dogo, kila mtu euro 38 kwenda na kurudi. Mwenzangu Mjerumani akaniambia tunaondoka "halb drei". Halb ni nusu, drei ni tatu, mimi nikaelewa tatu na nusu ya kizungu, yaani kwa saa zetu tisa na nusu alasiri. Nikaswali adhuhuri bila haraka, nikafunga begi, saa tisa na robo nikashuka. Uwanja mtupu. Kumbe nusu yao ni ile ya kuelekea tatu, haijaifikia: saa nane na nusu. Euro 38 ndiyo hela yangu ya chakula cha wiki nzima, na wenzangu walikuwa wamenipigia simu mara sita nikiwa nimeizima sauti kwa ajili ya swala.

Ya pili Nürnberg. Kwenda nilikwenda vizuri. Niliingia Ukumbi namba 600, chumba cha mahakama ambamo viongozi wa Kinazi walishtakiwa kuanzia Novemba 1945, nikakaa kwenye benchi muda mrefu, maana niliusoma sekondari na sikuwahi kufikiri kwamba ni chumba chenye milango na madirisha ambacho mtu anaweza kuingia. Usiku nikapanda treni ya mwisho. Ubaoni imeandikwa Bayreuth, nimesoma kwa macho yangu. Nikasinzia. Kuamka niko Marktredwitz, karibu na mpaka wa Cheki, saa sita usiku kasoro. Treni ilikuwa imekatwa vipande viwili njiani, pale Pegnitz: kipande kimoja kimekwenda Bayreuth, na nilichokaa mimi kimeendelea kwingine. Nje baridi ilikuwa chini ya sifuri na koti langu lilikuwa lile la mtumba nililotoka nalo Kariakoo. Mzee mmoja Mturuki, mwenye duka la kebabu, aliniona nimesimama nje ya kituo. Akaniita ndani, akanipa supu ya dengu na chai, akakataa hela. Nilikaa kwake mpaka alipofunga saa nane, kisha nikawa natembea huku na huko jukwaani mpaka treni ya alfajiri. Sijui jina lake. Namwombea dua kila siku.

Ya tatu ni fupi: faini ya euro 60 kwenye tramu. Tiketi nimeinunua na iko mkononi, ila sikuigonga mhuri kwenye kile kisanduku cha mlangoni.

Sasa kuhusu Berlin. Babu yake bibi yangu alikuwa mmoja wa watu waliobeba mifupa kutoka Tendaguru kwenda bandarini Lindi wakati wa Wajerumani. Bibi anasimulia kwamba walitembea siku nne, mzigo kichwani, na kwamba babu yake mpaka anakufa alikuwa akiulizwa umebeba nini anajibu "mawe yenye mwili". Nilipokwenda kuaga, bibi hakunipa maneno mengi. Alisema: "Ukifika huko kamwone, halafu uniambie kama wamemtunza."

Nina euro 120 na siku mbili, Jumapili na Jumatatu, mwishoni mwa mwezi wa tatu. Ninayo ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima. Nifanyeje nisikwame tena? Nile wapi chakula halali cha bei nafuu? Na kuna nini kingine pale ambacho mtu wa kwetu hapaswi kukikosa? Nawasilisha.

---

FundiUmeme_Leipzig

Marahaba kijana, na pole sana. Mimi nina mwaka wa tisa huku, na yote matatu yamewahi kunikuta au kumkuta mtu ninayemfahamu.

Kwanza kabisa badilisha siku. Jumatatu makumbusho yale ya Berlin alimo mjusi yamefungwa. Makumbusho mengi ya Ujerumani hufungwa Jumatatu, na wewe Jumapili utafika umechoka, uone foleni, useme nitarudi kesho. Hutaiona kesho. Nenda Jumamosi, rudi Jumapili.

Tiketi yako ya mwezi inapanda treni za mikoa, tramu, mabasi ya mjini na treni za chini ya ardhi za Berlin, wala haihitaji kugongwa mhuri. Haipandi zile treni za kasi zenye herufi ICE, IC au EC. Usiingie hata ukiona kiti kitupu. Kwa treni za mikoa kutoka Bayreuth utapita Hof na Leipzig, hesabu saa sita mpaka saba pamoja na kubadilisha, kwa hiyo toka alfajiri na ubebe chakula.

Kuhusu treni kukatwa: hili ni la kujua, kwa sababu liko sehemu nyingi za nchi. Jukwaa limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea. Ubao unaonyesha kipande kipi kinasimama kwenye herufi zipi na kinaenda wapi. Halafu behewa lenyewe lina maandishi ya taa ubavuni, karibu na mlango. Soma ya behewa unaloingia, usisome ya ubao peke yake. Mimi hata leo, baada ya miaka yote hii, nikikaa namuuliza jirani: hili linafika mpaka mwisho? Hakuna aliyewahi kunijibu vibaya.

Berlin yenyewe: panda treni ya chini ya ardhi namba U6, shuka kituo kinachoitwa Naturkundemuseum. Kutoka hapo ni mwendo mfupi.

Chakula nenda Hermannplatz, halafu fuata barabara ya Sonnenallee. Waarabu wamejaa pale, falafeli na kuku wa kuoka, utashiba kwa hela ndogo. Na ukiwa hapo hapo Hermannplatz, tembea dakika chache uone mtaa wa Lucy Lameck. Ndiyo, Lucy Lameck wetu, mama wa Moshi, miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia bunge la Tanganyika. Mtaa huo zamani uliitwa kwa jina la Wissmann, yule aliyeletwa kuizima vita ya Abushiri pwani yetu. Wakaazi walipigania jina libadilishwe, na mwaka 2021 likabadilishwa. Mimi nilikwenda na binti yangu wa miaka saba, nikamsomea kibao mara mbili.

Ukipata muda, Wilhelmstraße kuna kibao cha kumbukumbu mahali uliposimama jumba la mkutano wa 1884 na 1885, ule wa kuigawa Afrika. Jumba halipo tena. Watu wanapita na mifuko ya madukani.

---

BintiNgambo

Mdogo wangu, umesema mwishoni mwa mwezi wa tatu? Basi angalia sana: Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele. Saa nane usiku inarukia saa tisa. Simu inajibadilisha yenyewe, saa ya ukutani haibadiliki. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa Hamburg niliitazama ya ukutani, nikakosa basi la kwenda Copenhagen, na tiketi ilikuwa haiwezi kurudishwa. Nilikaa kituoni nikalia, sitaki kukuficha. Kwetu jua linachomoza palepale mwaka mzima, nani angenifundisha kwamba saa huruka?

Na siku utakapopata nafasi nyingine, njoo Hamburg. Kwenye makaburi ya Ohlsdorf amezikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani. Alifariki 1924. Hayo makaburi ni kama msitu, karibu hekta 390, mabasi ya mjini yanapita humo ndani. Mara ya kwanza nilikwenda mchana wa Desemba nikidhani nitaliuliza tu kaburi kama tunavyouliza nyumbani. Saa kumi jioni giza likaingia, nami niko peke yangu baina ya miti na mawe, simu imezima kwa baridi. Nilifuata taa za basi mpaka barabarani. Mara ya pili nikaenda na ramani ya ofisini kwao, nikamsomea Fatiha… watu watasema mengi kuhusu dini aliyofia, mimi nilisoma kwa kuwa ni mtu wa kwetu na yuko mbali.

---

KisumuHadiZurich

Kijana, pole kwa Marktredwitz. Nyongeza moja tu: popote uendapo, pasipoti na kadi ya ukaazi viwe mfukoni, si nakala. Kwenye treni za kuvuka mpaka polisi huingia na kuuliza. Na ukija Uswisi hutahitaji viza nyingine, lakini Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, kwa hivyo laini yako ya Ujerumani inaweza kukutoza intaneti kwa bei tofauti kabisa. Zima data kabla ya mpaka. Mimi nililipa kwa sababu ya dakika ishirini za ramani.

---

MwalimuMstaafu_Lindi

Marahaba mjukuu wangu. Nimesoma habari ya bibi yako nikanyamaza kwanza.

Nimefundisha historia miaka 31 hapa mkoani. Watoto niliwapeleka Tendaguru mara mbili, kwa lori. Ni kilima tu na nyasi, ukifika unaweza kusema hapana kitu. Uchimbaji mkubwa ulifanyika kati ya 1909 na 1913. Weka miaka hiyo karibu na Maji Maji, iliyokwisha 1907, uone watu hao walikuwa wametoka wapi: vijiji vimechomwa, njaa imepita. Hao ndio waliokwenda kuchimba na kubeba. Wakuu wa msafara, Janensch na Hennig, wanajulikana duniani kote. Kwa upande wetu yuko Boheti bin Amrani, aliyekuwa stadi wa kuchimbua na kusafisha mifupa na msimamizi wa wenzake. Mjusi mwenyewe alipewa jina la kitaalamu mwaka 1914, kwa heshima ya profesa wa Berlin.

Bungeni wamezungumza mara nyingi juu ya kumrudisha. Mimi nina maoni yangu, ila leo nakuomba kitu kidogo. Ukifika, simama kwenye miguu, sio kichwani. Kila mtu hutazama kichwa kwa sababu kiko juu. Mfupa wa mguu ndio mzigo uliowasumbua wabebaji. Uutazame kwa niaba ya babu yake bibi.

---

KijanaWaMtama

Wakubwa wangu, nimerudi jana. Nimekwenda na nimerudi siku niliyopanga, na faini sikupigwa.

Nilitoka Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Hof nilimuuliza mama mmoja kama behewa lile linafika Leipzig, akaniambia hapana, nisogee la mbele. Fundi, Mungu akuzidishie. Ningeishia kwingine tena.

Saa nane mchana niko mlangoni. Unaingia, ukumbi wa kwanza tu, yuko mbele yako. Nilikuwa nimesoma kwamba ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu na ndiye mrefu kuliko mifupa yote ya mjusi iliyosimamishwa duniani, lakini namba ile ilikuwa haijaniambia kitu. Nyumba yetu ya Mtama, paa lake, lingepita chini ya kifua chake. Watoto walikuwa wamelala chali sakafuni wakimtazama. Nikafanya kama alivyosema Mwalimu, nikaenda miguuni. Mfupa wa mguu wa mbele unanizidi mimi kimo. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyoiva, na mimi ninayesoma udongo kila siku nikajikuta namtafutia shimo lake la kule kwetu.

Nikampigia bibi kwa simu ya binamu yangu, kwa picha. Alitazama kimya, binamu akadhani mtandao umekata. Kisha akauliza: "Ni mmoja huyo, au wengi?" Nikashtuka, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma kwamba aliungwa kutokana na mifupa ya mijusi zaidi ya mmoja. Nikamwambia, bibi, ni wengi wameunganishwa. Akasema, "Ndivyo alivyosema babu. Walichimba huku mguu, kule shingo." Halafu akaniambia nilitaje jina la babu yake pale pale. Nikalitaja, kwa sauti ndogo, mara tatu kama alivyotaka. Mlinzi alikuwa karibu, akageuka, akaniacha. Kama wamemtunza? Nilimjibu bibi kwamba hana vumbi, taa inamwangaza, na watu wanalipa kumwona. Akasema sawa. Sikujua ile sawa ni ya namna gani, na simu ikaisha chaji.

Mtaa wa Lucy Lameck nimeufika Jumapili asubuhi, saa yangu nikiwa nimeisogeza tangu usiku, dada BintiNgambo. Nilipiga picha kibao, nikaila falafeli nimekaa ukingoni mwa bustani iliyo jirani. Wilhelmstraße sikuwahi. Nimetumia euro 94 zote pamoja.

Mwalimu, picha za miguu ninazo 40, nitakutumia nikipata anwani yako ya ujumbe wa faragha. Na wewe dada, mwezi wa tano nina siku tatu za mapumziko. Hiyo ramani ya makaburi ya Ohlsdorf ofisi yao inafunguliwa na Jumamosi, au nije Ijumaa?