Programu za kutuma meseji kwa wingi WhatsApp: namba ikifungiwa, nani alaumiwe?

Mtoa mada: Wakuu, kuna kauli imezoeleka kwamba muuzaji wa programu hizi hana kosa namba ya mteja ikifungiwa, eti "kila mtu anajua hatari yake". Napinga. Mwenye duka Kariakoo hajui. Anaambiwa askani QR, apakie namba zake, akalale. Haambiwi kuwa WhatsApp walishatangaza kwamba kuanzia Desemba 7, 2019 wangeweza hata kuwashtaki wanaotuma kwa wingi kwa mashine. Na kuweka sekunde 20 kati ya meseji na meseji hakusaidii kitu kama wapokeaji hawakujui, maana wanakublok na kukuripoti.

Tena zinauzwa "lipa mara moja, tumia maisha". Programu hizi zinapitia WhatsApp Web, ile WhatsApp ya kwenye kompyuta; ikibadilishwa kidogo tu, programu inagoma, na fundi wa kuirekebisha hela yake alishaila. Hapo anasaka wateja wapya ili awahudumie wa zamani, au anazima simu.

Mchangiaji 1: Mkuu, hiyo njia rasmi unayoisifia moyoni, yaani API ya biashara ya WhatsApp wenyewe, ni ya wenye mitaji. Kila meseji ya tangazo inalipiwa. Halafu nani kakuambia rasmi ni salama? Tweetbot, programu ya watu wengine ya kusomea Twitter, ilipitia mlango rasmi wa Twitter zaidi ya miaka kumi, Januari 2023 ikazimwa bila taarifa. Mwezi uliofuata Twitter wakatangaza kuwa kupita mlango huo bure kumekwisha.

Mtoa mada: Hilo la Tweetbot nakubali, liliuma. Ila angalia nani aliumia: mwenye programu. Watumiaji walibaki na akaunti zao. Huku kwetu muuzaji anabaki na hela, mteja anapoteza namba iliyoandikwa kwenye bango la duka na mifuko yote.

Mchangiaji 2: Mimi nauza hizi kitu, na nimeacha kabisa kuuza za kutuma. Nauza za kujibu zenyewe wateja wanaoandika, kwa malipo ya mwezi. Mteja akianza yeye kuandika, ndani ya saa 24 majibu ya kawaida kwa njia rasmi hayatozwi. Wa matangazo namwambia atumie orodha ya kawaida ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp, ya watu 256, inawafikia waliosevu namba yake tu, na hao ndio wanunuzi.

Mchangiaji 1: 256 kwa mtu mwenye wateja elfu tatu? Kaka, huyo atakwenda kwa jirani yako anayeuza za kutuma.

Mchangiaji 2: Wanakwenda, ndiyo. Wengine wanarudi na laini mpya.