Naomba ushauri: fildi ya saikolojia, niende wapi?

Wakuu habari za muda huu, mimi ni mwanafunzi wa saikolojia mwaka wa pili hapa Dodoma, fildi (mafunzo kwa vitendo) ni wiki nane inaanza mwezi wa saba na mpaka leo sina pa kwenda.

Mwaka jana nilipelekwa ofisi moja (jina silitaji) wakaniweka masijala, wiki nane nachomeka barua kwenye mafaili na kugonga mihuri, mteja hata mmoja sijakaa naye, halafu logibuku inataka niandike nimejifunza nini kuhusu unasihi (ushauri nasaha). Nikaandika uongo kwa kweli, supavaiza akasaini bila kusoma.

Safari hii nataka sehemu ya maana. Nimewaza Mirembe, hospitali ya afya ya akili, kwa sababu ipo hapahapa na gesti sitalipa, ila wenzangu wanasema pale wanafunzi ni wengi, wa udaktari na uuguzi ndio wanasogezwa kwa mgonjwa, sisi tunasimama nyuma tu. Wazo lingine ni soba hausi (nyumba za kuwasaidia waraibu kuacha dawa za kulevya) za Bagamoyo au kliniki ya methadoni (dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini) Mwananyamala, Dar nina shangazi Mbagala ila nauli ya kila siku ni shida na bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) lenyewe mnalijua.

Aliyewahi kupita huko anisaidie, barua ya utambulisho naipeleka kwa nani, kuna hela wanadai? Na kwa mtu wa saikolojia wanakuruhusu kukaa kwenye vikao vya unasihi au ni kufagia uwanja tu?

Kama kuna shule ya sekondari yenye mnasihi anayefanya kazi kweli, sio mwalimu wa nidhamu mwenye fimbo, nitajieni pia.