Naombeni ushauri, washairi wa San Francisco wamenikwamisha

Wakuu habari za saa hizi, naandika tasnifu kuhusu vikundi vya washairi Marekani baada ya vita kuu ya pili, jinsi walivyowapa vijana wa miaka ya 60 ujasiri wa kugomea mambo ya wazee. Nimeanzia usiku wa tarehe 7 Oktoba 1955 pale Six Gallery, ukumbi wa sanaa San Francisco, mshairi Allen Ginsberg anasoma shairi lake Howl, mwandishi mwenzake Jack Kerouac hata hakusoma, yeye kazi yake kuchangisha hela za mvinyo na kushangilia (huyu jamaa bana). Halafu Lawrence Ferlinghetti, mwenye duka la vitabu na uchapishaji la City Lights, akalichapa shairi hilo kitabuni 1956, akashtakiwa kwa kuuza maandishi machafu, 1957 jaji akamwachia. Mpaka hapo freshi.

Shida supavaiza anasema nimeng'ang'ania wazungu tu, mbona sigusi Harlem, mtaa wa watu weusi kule New York, ambako mshairi Amiri Baraka alianzisha jumba la sanaa la watu weusi 1965? Kusema kweli ana hoja ila muda umebana. Sasa nilinganishe pande zote mbili, au nibaki huku huku nimalizie na mkusanyiko wa bustani ya Golden Gate Park hapo hapo San Francisco, Januari 1967, Ginsberg na mshairi mwenzake Gary Snyder walipopanda jukwaani mbele ya mahipi (vijana waliogomea maisha ya wazee)? Aliyewahi kupita njia hii anisaidie, mwisho wa kukabidhi ni Ijumaa.