Gubiti za nyumbani: mbona nyengine zinafanya chenga na nyengine zinanata?

Binti wa Malindi

Assalamu alaikum, wapishi wenzangu. Nimeanza kupika gubiti, zile peremende ngumu za sukari, nyumbani ili niwauzie watoto wa mtaani, lakini mara mbili nimepata hasara, na kila mara kwa namna yake. Ninatumia vikombe viwili vya sukari, kikombe kimoja cha maji, maji ya ndimu moja nzima na iliki iliyotwangwa. Mara ya kwanza nilikoroga bila kupumzika nikihofia sukari isiungue, na shira ikageuka ghafla mwikoni ikawa nyeupe na yenye chembechembe, mithili ya mchanga mbichi. Mara ya pili sikuikoroga sana, gubiti zikatoka angavu kama kioo, nikalala nikifurahi. Asubuhi nilizikuta bakulini zimegandana bonge moja, na karatasi nilizozifungia hazibanduki. Tuko katikati ya masika, na nyumba yetu haiko mbali na bahari. Je, kosa ni la mkono wangu au ni la hewa?

Bibi wa Lamu

Waalaikumu salaam, mwanangu. Hizo ni kasoro mbili, na dawa ya moja siyo dawa ya nyengine.

Chenga huletwa na mwiko. Koroga sukari na maji kabla shira haijachemka, tena kwa moto mdogo, mpaka usisikie hata punje moja ikikwaruza chini ya sufuria; ikishachemka, weka mwiko kando na usiuguse tena. Sukari iliyoyeyuka hutafuta kurudi ilivyokuwa, na punje moja tu iliyobaki ukingoni mwa sufuria ikidondokea ndani, nyengine zote huifuata. Kwa hiyo chovya brashi safi katika maji ufute kingo za ndani, au funika sufuria dakika mbili tatu mwanzoni mwa kuchemka, mvuke uzioshe wenyewe. Hiyo iliyofanya chenga usiitupe: iongeze maji, iyeyushe, uanze upya.

Kuhusu kuiva, sisi hatukuwa na vipimo. Tulidondosha tone la shira katika kikombe cha maji baridi. Likiwa laini, ukaweza kulifinyanga kwa vidole, bado; likiwa gumu lakini linapinda, bado pia; likivunjika kwa mlio mkavu ukilikunja, epua papo hapo. Nadhani wewe uliepua lilipokuwa linapinda.

Mpishi wa keki, Malindi

Ninakubaliana na bibi, ila ningependa kuongeza jambo ambalo naona ndilo lililomponza dada yetu, nalo ni ile ndimu nzima.

Ukali wa ndimu, shira inapochemka, huivunja sehemu ya sukari ikawa sukari za aina mbili nyengine, glukosi na fruktosi, na hizo huzuia chenga. Ndiyo maana tunatia ndimu. Lakini fruktosi huvuta unyevu wa hewani kwa nguvu, na ukizidisha ndimu gubiti zitanata hata kama zimeiva barabara. Kwa vikombe viwili vya sukari, kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kinatosha. Ukitaka ladha kali zaidi, tia ndimu ya unga kidogo baada ya kuepua, shira ikishaacha kutokota, pamoja na iliki yako. Asali nayo huzuia chenga, lakini msimu huu sikushauri uitumie, kwa sababu ina fruktosi nyingi.

Kama unaweza kununua kipimajoto cha sukari, nunua. Gubiti ngumu huepuliwa kati ya nyuzi 149 na 154 za selsiasi. Hapo maji yaliyobaki ndani ni kidogo mno, kama sehemu moja au mbili kwa mia. Ukiepua kwenye 140 zitaonekana sawa, kisha zitashika meno. Na tafadhali, watoto wasikaribie jiko: shira hiyo ina moto kuliko maji yanayochemka, na ikimwagikia ngozi huganda hapo hapo.

Binti wa Malindi

Ahsanteni sana. Jana nilipika tena kwa kijiko kimoja cha ndimu na jaribio la kikombe cha maji, na safari hii tone lilivunjika «tak» kama kijiti kikavu. Hazikufanya chenga. Nilizoziacha wazi siniani, hata hivyo, zilianza kuteleza kufikia magharibi.

Bibi wa Lamu

Hiyo sasa ndiyo hewa, mwanangu, na hewa ya pwani haina subira. Usizilaze siniani. Shira ikiwa bado vuguvugu, ikate kwa mkasi uliopakwa mafuta. Zikipoa tu, zigaragaze katika sukari ya unga, uzitie katika chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, na kila gubiti uifunge kwa karatasi ya nailoni badala ya karatasi ya daftari. Ukitaka zile nyeupe za mistari, paka mikono samli, uivute shira na kuikunja ingali laini mpaka ing'are. Weupe ule ni hewa inayoingia ndani, si rangi. Ila kwa kazi hiyo mngoje mtu wa pili, maana huganda kabla mmoja hajamaliza kukata.